Diski ya kiuno iliyotoka: kairopraktiki, fiziotherapia, sindano au upasuaji?

Ripoti ya MRI, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, ikishaandika kwamba diski ya L4/L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) au L5/S1 (kati ya pingili ya tano na mfupa wa nyonga ya nyuma) imetokeza na kugusa neva, ushauri humiminika. Daktari anataja upasuaji. Jirani anamjua mkandaji hodari. Ndugu aliye Dubai au London anasisitiza kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono. Famasi wanachoma diklofenaki na vitamini B. Njia hizi hazifanyi kazi moja, kwa hiyo kuuliza ipi ni bora kwa jumla hakutakufikisha popote. Kila moja ina hatua ya ugonjwa inayoifaa, na ina hatua ambayo ukiitumia unapoteza fedha au unahatarisha mguu. Linaloamua ni hali ya neva: nguvu ya mguu, ganzi na mkojo. Ukubwa wa diski kwenye picha huja baadaye.

Uti wa mgongo una diski 23. Kila moja ina kiini laini chenye maji mengi, kimezungushiwa tabaka za nyuzi ngumu. Tabaka hizo zikichanika, kiini hupenya kuelekea nyuma na pembeni, pale mizizi ya neva inapopita. Kwa upande wa kiuno, visa vingi mno hutokea kwenye diski mbili za chini, L4/L5 na L5/S1, ndiyo maana maumivu hushuka kutoka tako hadi mguuni. Kubanwa si sababu pekee ya maumivu hayo. Kiini kikigusa mzizi wa neva huuwasha kwa kemikali zake, hivyo mwenye kipande kidogo anaweza kukesha akilia huku mwenye kikubwa anaendelea na kazi zake.

Diski imegandamana na pingili ya juu yake na ya chini yake. Hakuna mkono, mashine wala mkanda unaoirudisha ndani. Mwili wenyewe ndio unaokishughulikia kipande kilichotoka: seli za kinga hukivamia, maji hukauka, kinasinyaa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vipande vilivyokatika kabisa vilisinyaa kwa asilimia 96 ya wagonjwa, vilivyopenya nje ya tabaka kwa asilimia 70, vilivyotokeza kwa asilimia 41, na diski zilizovimba tu kwa asilimia 13. Yaani picha inayotisha zaidi mara nyingi ndiyo yenye matumaini zaidi, mradi neva haijafa ganzi na mguu una nguvu. Basi swali la kuchagua ni hili: njia gani itakuvusha wiki hizo kwa maumivu machache na bila madhara, na nani hapaswi kusubiri?

Hakikisha kwanza kwamba ni diski

Katika Afrika Mashariki kosa kubwa kuliko yote ni kukanda au kukunja mgongo wenye kifua kikuu. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au pingili moja inayojitokeza nyuma kama kibyongo kidogo, hayo si mambo ya diski. Anayeishi na VVU, au aliyekaa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, achunguzwe mapema zaidi. Wafugaji na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa wana bruselosi ya kufikiria, maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa mifugo. Mwanaume aliyepita miaka 50 mwenye maumivu mapya ya mgongo na shida ya mkojo achunguzwe tezi dume, kwa kuwa saratani yake hupenda kuhamia kwenye pingili. Aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu anaweza kuvunjika pingili kwa kujikwaa tu. Hapa eksirei na kipimo cha damu cha ESR, kinachodokeza maambukizi au uvimbe mwilini, vina thamani kubwa. Eksirei haionyeshi diski wala neva, lakini inaweza kuonyesha pingili iliyoliwa au kuvunjika. Ikiwa dalili zipo na eksirei ni safi, usiridhike. Kifua kikuu cha mwanzo kinaweza kutoonekana, na MRI ndiyo itakayokata shauri.

Kuna hali moja ambayo haina ulinganisho wowote. Ganzi sehemu za siri, makalio na mapaja ya ndani. Mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kuhisi. Kushindwa kuzuia choo. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hizo ni dalili za kubanwa kwa fungu zima la neva za chini. Nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye wapasuaji wa mgongo, kama MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Upasuaji hulengwa ndani ya saa 48, na kila saa inayopotea hupunguza nafasi ya kibofu kurudi kufanya kazi. Usipitie kwa mkandaji wala kwa kairopraktiki njiani.

Upime mguu, uandike tarehe

Vipimo hivi unaweza kufanya nyumbani ukiwa na mtu wa kukushika. Virudie kila baada ya siku mbili au tatu.

Tembea kwa visigino hatua 10. Ikiwa sehemu ya mbele ya mguu mmoja inaanguka, mzizi wa L5 au L4 umedhoofika. Kisha simama kwa mguu mmoja, gusa ukuta kwa kidole tu, nyanyuka kwa vidole vya mguu mara 10. Upande unaoshindwa njiani unaashiria S1. Mwisho inua kidole gumba cha mguu kuelekea juu huku mwenzako akikisukuma chini, mlinganishe kulia na kushoto: kidole kinachokubali haraka ni cha L5. Ganzi nayo ina ramani yake. L4 hushika upande wa ndani wa ugoko, L5 upande wa juu wa wayo hadi kidole gumba, S1 ukingo wa nje wa mguu na kidole kidogo.

Ukitaka kujua kama maumivu yenyewe yanatoka kwenye neva, lala chali, mtu akuinue mguu goti likiwa limenyooka. Maumivu yakichoma chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, mzizi wa neva umewashwa. Ukihisi tu kukazwa nyuma ya paja, hiyo ni misuli.

Soma matokeo hivi. Una maumivu, hata makali, lakini nguvu zimekamilika: njia zote ziko wazi kwako. Una udhaifu mdogo ambao haubadiliki: fiziotherapia pamoja na maoni ya mpasuaji, na usikubali msukumo wa ghafla wa mgongo. Udhaifu unaongezeka kati ya kipimo na kipimo: mpasuaji, wiki hiyo hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2005 kuhusu usalama wa kairopraktiki unaitaja wazi diski iliyotoka yenye udhaifu wa neva unaoendelea kuwa ni kizuizi kamili cha kunyoosha mgongo kwa msukumo.

Na MRI? Ina maana pale inapoweza kubadilisha uamuzi: dalili za hatari, udhaifu, au unapoelekea sindano au upasuaji baada ya wiki sita. Nje ya hapo inaweza kukuogopesha bure. Mapitio mengine ya 2015 yaliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote: diski zilizovimba zilionekana kwa asilimia 30 ya watu wa miaka 20 na asilimia 84 ya wa miaka 80. Ikiwa maumivu yako yako mguu wa kushoto na diski imetokeza kulia, diski hiyo si mkosaji.

Kairopraktiki: chini ya jina moja kuna mbinu tofauti

Fani hii ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, akiamini kwamba pingili zilizohama ndizo chanzo cha karibu magonjwa yote. Leo wanafani wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia imani hiyo na kukuuzia marekebisho ya maisha yote, na wapo wanaotibu misuli, viungo na neva kwa kupima kwanza. Kwa diski unamtaka huyu wa pili. Utamtambua ndani ya dakika kumi: atagonga goti na kifundo kwa nyundo ya refleksi, atapima nguvu ya vidole vya miguu, atakuuliza kuhusu mkojo. Anayekulaza na kukubinya bila hayo, shuka mezani.

Mbinu inayojulikana sana ni msukumo wa ghafla. Unalazwa ubavu, goti la juu limekunjwa, kiwiliwili kinazungushwa kinyume, kisha msukumo mfupi na wa kasi. Ule mlio ni gesi inayojitenga katika maji ya viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Faida yake ni kulegeza misuli iliyokaza na kupunguza maumivu kwa saa au siku kadhaa, ili uweze kutembea na kufanya mazoezi. Hatari yake ni ule mzunguko pamoja na kupinda, ambao huweka mkazo kwenye nyuzi zile zile zilizochanika. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo, na yana uwezekano zaidi kwa mwenye kipande kikubwa kilichopenya nje.

Mbinu ya pili ndiyo inayostahili kuulizwa kwa jina la kazi yake: kuvuta na kupinda polepole juu ya meza maalumu. Unalala kifudifudi kwenye meza iliyogawanyika kiunoni. Mtaalamu anaweka kiganja juu ya pingili iliyo juu ya diski yenye shida, kisha anashusha sehemu ya miguu taratibu hadi uhisi kiuno kinavutika. Utaratibu wa kawaida ni mivuto mitano ya sekunde nne, seti tatu, na kabla ya hapo anakujaribu kwa mvuto mdogo. Ikiwa mvuto wa kujaribu unasukuma maumivu chini zaidi mguuni, anaacha. Kwa mwenye maumivu makali ya mguu hapa ndipo pa kuanzia. Zipo pia meza zenye vipande vinavyoshuka ghafla kidogo, na kifaa cha mkononi chenye springi kinachogonga pingili. Hivi ni vyepesi, vinawafaa wazee wenye mifupa dhaifu, ila usitarajie vifanye mengi kwa neva iliyowashwa.

Ushahidi upo, ila ni mdogo. Huko Italia, jaribio la mwaka 2006 liliwagawa wagonjwa 102 wenye diski zilizotokeza na maumivu mapya ya mguu: waliopata msukumo halisi, maumivu ya mguu yaliisha kwa asilimia 55 ya watu, dhidi ya asilimia 20 ya waliofanyiwa wa kuigiza. Maumivu ya mgongo yaliisha kwa asilimia 28 ya watu dhidi ya 6. Calgary, Kanada, mwaka 2010, wagonjwa 40 ambao tiba za kawaida zilikuwa zimeshindwa kwa angalau miezi mitatu waligawanywa kati ya kairopraktiki na upasuaji mdogo wa diski. Asilimia 60 ya waliopelekwa kairopraktiki walipata nafuu kama ya waliopasuliwa, na ambao hawakupata walipasuliwa baadaye na wakafanya vizuri. Wagonjwa 40 ni wachache mno kujenga sheria, lakini matokeo hayo yanaruhusu kusema kwamba kujaribu kwanza hakukuharibu nafasi ya upasuaji.

Kipimo cha kujaribu ni hiki: ziara sita hadi nane ndani ya wiki nne, mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni, kisha kupungua. Kuchoka na maumivu ya misuli kwa siku moja au mbili baada ya ziara ni kawaida. Ganzi mpya, au maumivu yanayoshuka mbali zaidi mguuni na kubaki huko, si kawaida. Kama kufikia ziara ya nne hulali vizuri zaidi wala hutembei mbali zaidi, njia hii haijakukubali.

Fiziotherapia: kazi ni yako, mtaalamu anakuongoza

Mtaalamu mzuri wa fiziotherapia hutafuta kwanza mwelekeo wa mwendo unaoyavuta maumivu kutoka mguuni kurudi kiunoni. Mbinu hii ilienezwa na Robin McKenzie wa New Zealand. Maumivu yakitoka wayo yakaja gotini, kisha takoni, kisha yakabaki kiunoni, unapona, hata kama kiuno kinauma zaidi kuliko jana. Wengi huacha mazoezi hapa wakidhani yamewadhuru. Kinyume chake, kiuno kikitulia huku mguu ukianza kuuma hadi vidoleni, hilo zoezi lisimamishwe.

Kwa wengi wenye diski, mwelekeo unaosaidia ni kunyooka nyuma. Lala kifudifudi dakika 2 hadi 3. Kisha jiegemeze kwa viwiko dakika 2 hadi 3. Kisha weka viganja chini, nyoosha mikono uinue kifua huku nyonga zikibaki kitandani na makalio yamelegea. Mara 10, kila saa mbili unapokuwa macho. Kosa la kawaida ni kuinua nyonga pamoja na kifua, ambapo kiuno hakinyooki kabisa. Kosa jingine ni kufanya mara 50 asubuhi na kuacha kutwa nzima. Mwenye mfereji wa uti uliobana, hasa mzee ambaye akiinama ndipo anapata nafuu, zoezi hili litamwongezea shida. Wake ni mwelekeo mwingine.

Kwa neva yenyewe kuna kuteleza: kaa kwenye kiti, nyoosha goti polepole huku ukiinua uso juu, kisha kunja goti ukiinamisha kidevu. Mara 10, bila kufikia maumivu. Usivute msuli wa nyuma ya paja kwa nguvu. Unachohisi kimekaza huenda ni neva iliyovimba, na kuivuta ni kuiwasha upya. Baada ya wiki mbili au tatu huja mazoezi ya kuimarisha: daraja la ubavu (kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko), na kupiga magoti na viganja ukinyoosha mkono na mguu wa upande wa pili, kila mshiko usizidi sekunde 10. Kutembea kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, kunashinda kulala kitandani. Kulala siku mbili za mwanzo maumivu yakiwa makali, sawa. Wiki nzima, misuli inayeyuka.

Udhaifu wa fiziotherapia unaonekana kwenye vituo vyenye foleni ndefu: taa ya joto dakika 15, kifaa cha umeme dakika 15, karatasi ya mazoezi, kwaheri. Huduma ya namna hiyo ni hafifu kuliko kairopraktiki nzuri. Dai upimwe, na dai zoezi lililochaguliwa kwa ajili yako.

Mkono kwa mkono

Wiki mbili za mwanzo, kwa maumivu makali yasiyo na udhaifu, mikono ya mtaalamu wa kairopraktiki hutoa nafuu ya haraka kwa baadhi ya watu kuliko mazoezi ambayo mgonjwa hawezi hata kuyaanza. Kuanzia wiki ya tatu uzani unahama. Anayetegemea kubinywa tu hurudi meza ile ile, ilhali aliyejifunza mwelekeo wake anajitibu mwenyewe saa nane usiku bila kulipa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno na mguu ikiwa tu imeambatana na mazoezi. Huo ndio mpangilio tunaoupendelea pia: mikono ifungue njia, mazoezi yaimalize.

Upatikanaji nao unaamua. Wataalamu wa fiziotherapia wapo katika hospitali za rufaa na nyingi za mikoa na kaunti. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wamekuwa wakifundishwa kwa miongo. Wa kairopraktiki ni wachache, wengi wao mijini, na walisomea nje. Afrika Kusini wanafundishwa Durban University of Technology na University of Johannesburg. Aliyeko mkoani asijilaumu kwa kukosa kairopraktiki. Ana karibu kila anachohitaji kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kazi yake. Aliyeko Uingereza, Marekani au Dubai anaweza kuanza kwa yeyote kati ya hawa wawili.

Mkandaji wa mtaani? Kuchua misuli kwa mafuta hakuna ubaya. Kukanyagwa mgongo, kuvutwa miguu na watu wawili, au kukunjwa kiuno kwa goti, kataa.

Mashine za kuvuta mgongo zenye kompyuta huuzwa kwa vifurushi vya gharama kubwa. Tafiti za tiba ya kuvuta zilizokusanywa hazijaonyesha faida ya maana, na mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza isitumike, pamoja na mikanda ya kiuno. Mwongozo huo huo unakubali mazoezi, elimu, na tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono.

Vidonge na sindano

Diklofenaki au ibuprofeni zinasaidia kiasi, kwa siku chache, pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au presha asizitumie bila daktari, na kuchomwa kila siku famasi ni njia fupi ya kuumiza figo. Vitamini B husaidia aliyepungukiwa nayo. Kipande cha diski hakiigusi. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, huandikwa sana kwa sayatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, ila jaribio la 2017 kwa wagonjwa 209 halikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa, isipokuwa kizunguzungu zaidi.

Sindano ya steroidi karibu na mzizi wa neva ni jambo tofauti na sindano ya takoni. Inachomwa kwa kuongozwa na eksirei ya moja kwa moja, na nafuu yake, ikija, hudumu wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Inamfaa ambaye maumivu yanamzuia kulala na kufanya mazoezi. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa. Anayetaka kukuchoma kwenye uti bila picha ya kumwongoza, mkatalie.

Upasuaji

Upasuaji wa kawaida wa diski hutoa kipande kilichobana, si diski nzima. Kwa darubini mkato huwa wa sentimita 2.5 hadi 3, na wengi hutembea siku hiyo hiyo au kesho yake. Unatibu mguu vizuri kuliko kiuno: aliye na maumivu ya kiuno pekee asiende huko akitarajia muujiza. Diski ile ile inaweza kutoa kipande kingine baadaye. Kadirio la kawaida ni wagonjwa 5 hadi 15 kati ya 100.

Kuhusu muda, jaribio la Uholanzi la 2007 lilichukua wagonjwa 283 wenye sayatika kali ya wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipona maumivu ya mguu haraka zaidi. Waliosubiri, asilimia 39 hatimaye walipasuliwa. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona. Kwa hiyo ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mwenye mguu wenye nguvu anachagua kasi. Mambo hubadilika maumivu yakidumu: jaribio la Kanada la 2020 kwa wagonjwa 128 wenye sayatika ya miezi 4 hadi 12 lilikuta miezi sita baadaye maumivu ya mguu ni 2.8 kati ya 10 kwa waliopasuliwa na 5.2 kwa waliotibiwa bila upasuaji. Mwezi wa nne ukifika na bado unachechemea, acha kununua ziara za kubinywa, muone mpasuaji.

Ukitajiwa vyuma na skrubu kwa diski iliyotoka mara ya kwanza, uliza sababu. Pingili zinazoteleza, au uti usio imara, ni sababu. Diski peke yake kwa kawaida si sababu, na maoni ya mpasuaji wa pili yana thamani kuliko nauli yake. Baada ya upasuaji ganzi huchelewa kuondoka kuliko maumivu, kwa sababu neva hujijenga upya kwa takriban milimita moja kwa siku.

Kinachoharibu tiba yoyote ile

Diski hunywa maji usiku na asubuhi huwa imejaa, hivyo kuinama kunaibana zaidi. Saa ya kwanza baada ya kuamka usifagie kwa fagio fupi, usifue kwenye beseni lililo sakafuni, usideki kwa kuinama. Beseni liwe juu ya meza au ndoo iliyopinduliwa juu ya stuli. Fagio lipate mpini mrefu. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji: ligawe mawili ya lita 10, moja kila mkono. Anayeendesha bodaboda apumzike wiki mbili au tatu za mwanzo, kwa kuwa mtikisiko na kukaa kwa kuinama ni mambo mawili ambayo diski haiyapendi, yamekutana. Kwenye basi la safari ndefu weka kanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno, na shuka kila gari linaposimama. Kwenye choo cha kuchuchumaa, shika kitu mbele na usikae muda. Ugumu wa choo unaosababisha kujikamua huongeza maumivu, kwa hiyo maji na mboga ni sehemu ya tiba, hasa ukitumia dawa kali za maumivu.

Diski ya shingo ni habari nyingine

Hapa C5/C6 na C6/C7 ndizo huumia zaidi. Ganzi ya kidole gumba huashiria mzizi wa C6, kidole cha kati C7, kidole kidogo C8. Nyuma ya diski kuna kitu ambacho kiunoni chini hakipo, ugwe wa neva unaoshuka kutoka ubongoni, na mishipa ya damu inayopanda kwenda ubongoni inapita ndani ya pingili. Kukunja shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa hiyo na kiharusi; ni nadra, lakini hakurudishwi. Kwa diski ya shingo tunashauri mbinu za polepole, mazoezi na muda, na msukumo wa ghafla usiwepo. Kinyozi anayemalizia kunyoa kwa kukunja shingo azuiwe kabla hajashika kidevu. Vidole vikishindwa kufunga vifungo vya shati, au miguu ikikaza na kuyumba, ugwe huo umebanwa: hapo ni mpasuaji tu.

Kabla ya kulipa

WHO ilipendekeza mafunzo ya kairopraktiki yasiyopungua miaka minne ya muda wote. Uliza chuo na mwaka, kisha usajili: Uingereza ni General Chiropractic Council, Afrika Kusini ni Allied Health Professions Council. Kenya, mtaalamu wa fiziotherapia awe kwenye orodha ya Physiotherapy Council of Kenya. Lipia ziara moja moja. Kifurushi cha ziara 30 au 40 kinacholipiwa siku ya kwanza, kikiambatana na eksirei ya mgongo mzima kwa kila mgonjwa na ahadi ya kurudisha diski ndani, kiache hapo hapo. Nenda na ripoti ya MRI, orodha ya dawa zako, hasa za kuyeyusha damu, na karatasi ya vipimo vya mguu yenye tarehe. Mtaalamu anayeiomba karatasi hiyo kabla hajaitazama picha ndiye wa kuanza naye.